Mugonjwa wa asma haachi dawa kwa ukaidi

Ku vituo vingi vya afya vya Goma na vijiji vya kandokando, kuna maneno mawili yanayoandikwa haraka sana ku fishi ya mugonjwa wa asma: « hafuati dawa ». Yakiisha kuandikwa, yanabaki pale. Mugonjwa akirudi usiku mungine akivuta pumzi kwa nguvu, muganga anafungua fishi, anasoma, anatikisa kichwa. Mama anaulizwa mbele ya watu: « Mama, dawa uliacha juu ya nini? » Anainamisha macho. Mutoto anawekewa oksijeni kama iko, anapigwa sindano, na asubui anarudishwa nyumbani. Mwezi unaofuata inakuwa vile vile.

Maneno yale mawili yanastahili kuchunguzwa, juu yanamuweka mugonjwa katika kosa mbele hajafungua mudomo. Yanasema kwamba dawa ilikuwepo, njia ya kuipata ilikuwepo, maelezo yalitolewa, na yeye alikataa tu. Kwa familia ambazo zimekimbia vita mara mbili, tatu ao ine, hakuna hata jambo moja kati ya hayo lenye uhakika. Tena kuna lingine baya zaidi: namna asma inavyotunzwa huku Kivu ya Kaskazini inamufundisha mugonjwa mwenyewe kuacha dawa. Kisha analaumiwa kwa somo alilolishika vizuri.

Asma, ile ambayo vitabu vinaita pumu, si kama malaria. Malaria mutu anakunywa vidonge siku tatu, imekwisha. Asma inabaki. Ndani ya kifua mirija midogo ya hewa inakuwa imevimba kidogo kila siku, hata siku ambayo mutoto anacheza mupira na kucheka na wenzake. Ikikutana na moshi, vumbi, baridi ya asubui ao mafua, inabana, makohozi yanaiziba, na kifua kinaanza kupiga filimbi. Ndiyo maana kuna dawa za aina mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Ya kwanza ni salbutamol, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ventolin. Mara nyingi pompe yake ni ya rangi ya bulu. Hiyo inafungua. Ndani ya dakika chache mirija inalegea, mutu anapumua, anaketi, anaomba maji. Lakini kazi yake inakwisha nyuma ya saa ine ao sita, na uvimbe ule wa ndani haujaguswa. Ya pili ni beklometazoni ao budesonidi. Hiyo inakinga. Inapunguza uvimbe polepole, kwa siku na majuma, na inapaswa kupulizwa kila siku hata kama mutu anajisikia muzima. Mutu akipuliza beklometazoni usiku wa hatari, haitamufungua kifua. Akiipuliza kila siku, usiku wa hatari unaweza usifike kabisa.

Sasa mutu ajiweke pahali pa mugonjwa. Dawa moja anasikia kazi yake papo hapo, kama mutu aliyefunguliwa kamba shingoni. Nyingine hasikii kitu. Anaipuliza akiwa muzima, anabaki muzima, basi anaona ni sawa na kumwanga maji ndani ya ziwa Kivu. Nani hataweka ile ya pili kando, zaidi kama feza haitoshi kwa zote mbili?

Muganga mwenye wakati anaweza kueleza hayo yote kwa dakika kumi. Lakini dakika kumi hazipatikani pahali ambapo watu wanapanga mustari toka saa kumi na mbili za asubui. Na si dakika tu zinazokosa, hata hiyo dawa ya kukinga yenyewe mara nyingi haiko.

Wakati kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zilikuwa zimejaa watu, matunzo ya bure yalipangwa kwa magonjwa yanayoua haraka na yanayoambukiza: kolera, surua, malaria, kuhara, utapiamlo, na majeraha ya masasi. Hakuna mutu mwenye akili atakayelaumu hilo. Kolera inaweza kumaliza mutu kwa saa chache tu. Mugonjwa wa asma naye alipokelewa, lakini kwa namna moja: akifika akiwa anakosa pumzi. Hapo mulango ulikuwa wazi. Akifika siku ya kawaida, akiwa anatembea na kuzungumuza vizuri, akaomba dawa ya kumukinga kwa mwezi unaokuja, aliambiwa arudi akiwa mugonjwa. Watu wengi wamesikia jibu hilo, na wamelielewa: dawa ya asma ni ya usiku wa hatari. Mukaidi ni nani hapo?

Hesabu ya pompe nayo iangaliwe. Pompe ya kawaida ina mipulizo 200. Mutu aliyeambiwa apulize mara mbili asubui na mara mbili mangaribi anatumia mipulizo 4 kwa siku, kwa hiyo pompe inamufikisha siku 50. Kama mama ana uhakika kwamba siku ya 51 atapata nyingine, atafuata maagizo. Kama hana uhakika, atapunguza. Atampa mutoto mara moja asubui, jioni atamwacha. Akiona mutoto yuko sawa, atampa siku moja na kuruka siku moja, ili ile pompe ifike siku 100 ao 200. Mama huyo anafanya na dawa kile anachofanya na unga wa fufu: anagawanya ili ifike mbali. Shida ni kwamba unga uliogawanywa bado unalisha kidogo, lakini mirija ya kifua, ikipata dawa leo na kuikosa kesho, inarudi kuvimba.

Kuna jambo lingine dogo ambalo farmasi chache zinalisema. Pompe nyingi hazionyeshi mipulizo iliyobaki. Dawa ikikwisha, ile gezi inayoisukuma inaweza kuendelea kutoka, « pshh », kama kawaida. Mutu anapuliza upepo mutupu na anadai dawa imezoea mwili wake. Anaiacha, na fishi inaandikwa: hafuati dawa.

Kisha kukaja mwezi wa kwanza 2025. Vita vikaingia Goma, na mwezi wa pili kambi zikavunjwa, watu wakatakiwa kuondoka kwa siku chache tu. Wengine walirudi Rutshuru, Masisi ao Nyiragongo, wengine wakabaki katika jamaa, makanisa na masomo. Mutu anayevunja hema kwa haraka anabeba nini? Watoto, bashi, sufuria, godoro kama anaweza. Fishi ya hospitali ilibaki ndani ya majivu ya mbabula, ao ilibaki ku kituo cha afya ambacho nacho kilifunga. Mabenki yakafungwa, feza ikapotea mikononi, uwanja wa ndege ukafungwa, na dawa zikaanza kuzunguka njia ndefu. Mwaka ule ule Marekani ikapunguza sana musaada wake, na programu nyingi za afya zikapungua ao zikasimama. Mugonjwa aliyeanza kutunzwa vizuri pa Bulengo akajikuta Kiwanja mbele ya muganga mupya ambaye hajui hata alikuwa anapata dawa gani. « Ilikuwa pompe ya rangi gani, mama? » Hakumbuki. Wanaanza tena toka sufuri, ni kusema toka sindano.

Na mapafu yenyewe hayapewi pumziko. Makala inachomwa ndani ya chumba kimoja ambamo watu saba wanalala. Ku masomo na makanisa ambamo wakimbizi wanakaa, mbabula kumi zinawaka kwa saa moja. Barabara za Goma zina vumbi jeusi la mawe ya volkano, na siku ambayo upepo unageuka, harufu ya moshi wa Nyiragongo inafika mupaka katika nyumba. Mutu anayefuata dawa yake vizuri kabisa anaweza bado kushikwa katika maisha kama hayo, na ni vibaya kumufanya aone kwamba dawa imeshindwa ao yeye ndiye ameshindwa. Kutoa mbabula inje wakati wa kuwasha, ile saa makala inatoa moshi mwingi, kunasaidia kidogo. Mvua ikinyesha hata hilo halifanyiki, kila mama anajua.

Haitakuwa haki kusema kila kitu ni kosa la dawa kukosekana. Kuna wenye dawa nyumbani na hawaipulizi. Katika mitaa kunasemwa kwamba pompe inazoeza mutu kama pombe, na aliyeianza atakufa nayo. Kunasemwa pia kwamba pompe ni dawa ya mwisho, ya wale wanaokaribia kwenda. Msichana anayetafutiwa ndoa anaificha chini ya nguo, juu familia ya bwana ikiiona, mazungumuzo ya mahari yanaweza kusimama. Kijana wa moto haipulizi mbele ya wenzake pa paringi, anaenda nyuma ya ukuta. Na kuna waliosimamishwa mbele ya kanisa, wakaambiwa wamepona, wakaona kuendelea na dawa ni kukosa imani. Hakuna anayekataza maombi. Lakini muchungaji anayejua kwamba asma inaweza kulala miezi mitatu bila kupona, atawaombea watu wake na kuwaambia waweke pompe mufukoni.

Hata hivyo, mawazo hayo yana mizizi, na mizizi mingine iko ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Kama mutu amemuona jirani akitumia pompe siku tu alipokuwa anakaribia kufa, ataacha kufikiri kwamba ni dawa ya mwisho? Kama kila mara amefunguliwa kifua na sindano, atapenda nini isipokuwa sindano? Pa farmasi anauziwa vidonge vya salbutamol kwa sababu ni bei rahisi. Vinamutetemesha mikono, moyo unapiga mbio, na kazi yake ku kifua ni ndogo kuliko ile ya pompe. Anaambiwa ni ugonjwa unaomutetemesha. Dawa kali za kundi la kortizoni, za sindano ao za kumeza, zinaokoa maisha usiku ule. Lakini zikirudiwa kila mwezi zinaumiza mifupa, zinapandisha sukari, na mutoto anaweza kuchelewa kukomaa. Kiasi kidogo cha kortizoni kinachoingia moja kwa moja katika mapafu kwa pompe ya kukinga ni salama zaidi, mutu akisukutua mudomo na maji kila akimaliza.

Kuhusu kuzoea, ukweli ni kinyume cha kile watu wanachosema. Pompe ya kukinga haizoezi. Ile ya bulu ndiyo inayohitaji macho, si kwa sababu ni kilevi, ila kwa sababu inaonyesha hali ya kifua. Maagizo ya kimataifa ya GINA yanasema kwamba mutu anayemaliza pompe 3 ao zaidi za salbutamol kwa mwaka yuko katika hatari kubwa ya kushikwa vibaya, na anayemaliza 12 ao zaidi, ni kusema moja kila mwezi, hatari yake ya kufa inapanda. Toka 2019 maagizo hayo hayakubali tena kwamba mutu mukubwa ao kijana atunzwe kwa salbutamol peke yake. Katika mitaa ya Goma, ni wangapi wanatunzwa na kitu kingine?

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu karibu milioni 262 walikuwa na asma na 455,000 walikufa nayo, wengi wao katika inchi zenye uwezo mudogo. Dawa za kukinga ziko katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Shirika hilo hilo lina pia sanduku la dharura la magonjwa ya kudumu, lililopangwa kwa watu 10,000 kwa miezi mitatu, na dawa za asma zimo. Kwa hiyo hakuna anayeomba kitu cha ajabu. Kinachoombwa ni kwamba wanaopanga matunzo ya bure kwa wakimbizi wa vita, na kwa jamaa zinazowapokea, waweke pompe ya kukinga katika orodha yao pamoja na dawa za malaria, na waifungulie siku ya kawaida.

Watasema feza hakuna. Ni kweli imepungua. Lakini usiku mumoja wa asma unakula nini? Oksijeni na mafuta ya jenereta, sindano, serumu, kitanda ambacho mutoto mwingine angelalia, na moto ambayo mama alilipa kwa feza ya kukopa. Mutoto akishikwa mara nne kwa mwaka, hesabu inajulikana. Pompe ya kukinga na ile ya bulu pamoja hazifiki bei hiyo.

Dawa hiyo isitolewe ya juma moja. Familia inayoweza kuondoka kesho inapaswa kupewa dawa ya miezi miwili, na karatasi ndogo inayosema jina la dawa, rangi ya pompe na mara ngapi kwa siku. Watu wa Kivu wanajua kulinda karatasi. Karte ya muchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi, imekimbia pamoja na wenyewe toka Kibumba mupaka Sake ndani ya sashe ya plastiki, chini ya kitenge. Karatasi ya dawa inaweza kulala ndani ya sashe ile ile.

Muganga naye, mbele ya kuandika « hafuati dawa », aseme kwanza: « Mama, nionyeshe namna anapuliza. » Mara nyingi ataona dawa yote inabaki ku ulimi. Mutoto mudogo hawezi kuvuta pumzi saa ile ile pompe inapulizwa. Anahitaji kitu cha kati. Chombo cha kununua ni bei kali, lakini chupa ya plastiki ya nusu litre inatosha: inatobolewa chini tundu la ukubwa wa mudomo wa pompe, pompe inaingizwa pale na kukazwa vizuri ili hewa isitoke kandokando, mutoto anaweka midomo ku mulango wa chupa. Anapulizwa mara moja, anapumua mara tano ao sita polepole, kisha mara ya pili. Watafiti wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walijaribu chupa kama hizo kwa watoto na kutangaza mwaka 1999 kwamba zilifanya kazi kama vyombo vya kununua. Chupa za maji zinatupwa kila siku katika mifereji ya Goma. Hao wanaoitwa Reco, wanaopita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto wa chanjo, wangefundishwa kutoboa chupa hizo kwa asubui moja tu.

Kuna pia usiku ambao hakuna cha kungojea. Mutu akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, mutoto akishindwa kunyonya ao kulia, ngozi ikiingia katikati ya mbavu, midomo ikigeuka rangi ya bulu, ao pompe ya salbutamol isipoleta nafuu, ni kwenda hospitali saa ile ile. Njiani aketi, asilazwe, na aendelee kupulizwa salbutamol kupitia chupa, mupulizo mumoja mumoja. Wakati filimbi ya kifua inanyamaza na mutu bado anapigana kupumua, watu wasifurahi. Hewa haipiti tena.

Masomo nayo yana sehemu yao. Ku masomo mengine mwalimu akiona pompe anaichukua, anaifungia katika ofisi ya direkteri pamoja na simu za watoto, kwa kusema ni dawa, na dawa haichezewi. Mutoto anashikwa saa ya michezo, direkteri ameenda kwa mukutano, ufunguo uko naye. Wazazi wenye mutoto wa asma waende somoni na pompe mukononi, wamuonyeshe mwalimu namna inavyofanya kazi, na wakubaliane kwamba itakaa ndani ya mufuko wa mutoto, si kwingine.